Ngazi za Ghorofa ya Nne: Kishindo

Wiki iliyopita mliniacha juu ya meza ya mlinzi, kipaza sauti mkononi. Nyie mkafungia samaki gazeti mkaenda kulala. Mimi bado nimesimama pale pale.

Kwa aliyechelewa, nitasema upesi. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kinatazamana na geti la hospitali, na watu huniita Gundi. Mke wangu alifia kwenye ngazi za hospitali hii, akiteremshwa kwa machela kutoka wodi ya wazazi, ghorofa ya nne, kwenda chumba cha upasuaji, chini kabisa. Msiniulize ni msomi gani aliyeweka wenye mimba juu na kisu chini. Alisomea huyo.

Lifti ipo. Ilikufa kabla ya mke wangu, ila yenyewe haijazikwa. Kila akija mgeni mkubwa, mlango wake unapakwa rangi mpya. Mlango umeshapakwa mara nyingi mpaka umenenepa. Lifti yenyewe haijapakwa hata grisi.

Sasa wabeba machela wamegoma. Wanataka lifti itengenezwe, basi, hawajaomba mbingu. Mgonjwa mahututi wanambeba, wengine wote wasubiri, na wao wenyewe wamekaa kwenye ngazi kuanzia ya kwanza. Na kwa akili yao, wakachagua kukaa saa ya kuona wagonjwa.

"Ili watu wengi watuone," alisema kiongozi wao, Treni.

Wakaonekana kweli! Umati wa watu na masufuria yao ukakwama mlangoni, supu inapoa, chai inapoa, juu wagonjwa wanasubiri chakula cha nyumbani. Ukitaka binadamu akuchukie, usimtukane. Simama kati yake na sufuria yake.

"Sema, mzee wangu," Afisa Uhusiano wa hospitali alininong'oneza. Huyu tunamwita Tabasamu, maana hata akitangaza kifo meno yako nje. Kiunoni ana bunda la funguo linalolia kama kengele ya mbuzi. Tangu mgomo uanze, Mganga Mkuu ameamuru milango yote ya chini ifungwe kwa mageti ya chuma, eti wagomaji wasije wakaiba, na funguo zote akamkabidhi yeye.

"Niseme nini?"

"Ulichokiona. Kwamba walimwangusha mkeo. Neno moja tu."

"Na nikisema nilichokiona kweli?"

Tabasamu akatabasamu. "Kile kibanda chako pale getini, mzee wangu. Kizuri. Sijui kina ruhusa ya nani?"

Mnaona? Wakubwa wetu, Mungu awazidishie vitambi, hawatishi mtu. Wanauliza swali tu.

Na wala hakuwa na haja ya kunitisha. Mji mzima ulishaamini kwamba wabebaji walimwangusha. Sokoni walisema, saluni walisema, hata mteja wangu mmoja alinisimulia kifo cha mke wangu mwenyewe huku nikimshonea ndala, akaongeza na vipande ambavyo sikuwa navyo.

Nikainua kipaza sauti.

"Mimi nilikuwepo!" nikasema. "Nilikuwa nyuma ya machela, nimeshika khanga yake na chupa ya maji. Hawakumwangusha. Walimbeba vizuri mpaka ghorofa ya pili, pale pumzi ikamwisha, kwa sababu ngazi ni ndefu na damu haisubiri. Aliyemuua mke wangu ni..."

Kipaza sauti kikanyakuliwa. Sikumaliza.

Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Sawa. Lakini si mpenzi wa watu wenye njaa.

"Kanunuliwa huyo!" ilitoka sauti katikati ya umati. Alikuwa Kofia. Kila mji una Kofia wake. Bendera ikifuata upepo, yeye hufika kabla ya bendera. Juzi alikuwa akiwapigia wabebaji makofi. "Kaburi la mkewe halijakauka, kashauza!"

"Kauza!" umati ukaitikia.

"Wabebaji wapewe nini tena? Kazi si wanayo?"

"Hata kama hawakumwangusha," alidakia mama mmoja mwenye hotipoti mbili, "supu yangu inahusika nini hapo?"

Swali la haki kabisa. Mpaka leo sijalipatia jibu.

Kikaja kiatu. Kikanigonga hapa, juu ya sikio. Nikakiokota, nikakitazama: cha kushoto, soli nimeiweka mimi mwenyewe kabla ya mgomo kuanza. Nikamwangalia Kofia miguuni. Amebaki na cha kulia.

Hapo juu ya meza ndipo nikaelewa kitu ambacho Treni na wenzake walikuwa hawajakielewa. Haki bila watu ni kiatu cha mguu mmoja. Kinaweza kuwa kipya kabisa, kinang'aa, lakini hakikufikishi popote.

Mganga Mkuu yeye alikuwa anaelewa siku nyingi. Ndiyo maana askari walikuwa bado hawajaitwa. Ukimpiga mtu anayependwa, hizo ni ghasia, zitaandikwa gazetini. Ukimpiga anayechukiwa, huo ni usafi tu.

"Wananchi mmesema wenyewe!" Tabasamu akatangaza kwa kipaza sauti, furaha imemjaa. "Uongozi unasikiliza wananchi! Sasa hivi tutawaondoa hawa, kwa niaba yenu!"

"Waondoeni!" Kofia akapiga kelele, mguu mmoja juu kama korongo.

Basi nikasema yamekwisha. Na yangekwisha kweli, kama umati usingeanza kupasuka katikati.

Alikuwa anakuja mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mwanamke wa mwili. Hapenyi kwenye umati, umati ndio unapenya kumpisha. Magoti yake mabovu, mkononi ana sufuria limefungwa kwa kitambaa. Tangu tumzike mwanawe hajanisemesha hata neno moja. Akija kibandani huweka kiatu mezani, akaondoka. Aliamini kama mji ulivyoamini, tena zaidi, kwa sababu siku ile yeye alikuwa chini ya ngazi, akasikia kwa masikio yake.

Na lile sufuria lilikuwa la nani? La shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Binti wa mwisho wa mama. Naye alikuwa ghorofa ya nne, wodi ile ile, kitanda cha dirishani, mimba imetimia, anasubiri siku. Chumba cha upasuaji kipo chini pale pale. Lifti imekufa vile vile. Mkitaka kujua kwa nini mimi, mtu wa gundi na sindano, nimepanda juu ya meza ya watu, sababu ndiyo hiyo. Mmoja ameshaliwa na ngazi. Sitaki zimle wa pili.

"Shuka hapo, baba," mama mkwe akaniambia. "Umesimama kama kuku wa mnada."

Maneno ya kwanza tangu maziko. Nikashuka.

Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ngazi ya kwanza, alipokaa Treni. Treni ni mtu mrefu, mabega mapana, sauti ndogo. Akasimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako weka kwanza. Wewe ndiye uliyembeba mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimwangusha?"

"Hapana, mama."

"Nilikuwa nimesimama hapa hapa! Nikasikia kishindo. Nikasikia cha pili. Nikasikia cha tatu. Unataka kuniambia nini? Mara tatu mliangusha unga?"

Umati ukasogea. Tabasamu naye akasogea, meno nje, ameshaona ushindi.

"Kile kishindo ni mguu wangu, mama," akasema Treni. "Ngazi zikikata kona, pale pana bati. Tukifika tunatua machela, tunabadilishana mabega. Wa mbele na wa nyuma hatuonani, mgonjwa yuko katikati. Basi wa mbele anapiga mguu kwenye bati, wa nyuma ajue tunatua. Asipopiga, mmoja atatua na mwingine atakuwa bado amebeba, na hapo ndipo mtu anaanguka."

"Maneno hayo."

"Ndiyo kazi yetu, mama."

"Nionyesheni."

Treni akajikuna shingo. "Tungekuonyesha, mama. Ila tuko kwenye mgomo."

"Mgomo wa nini?"

"Wa kutobeba."

"Kwa hiyo nikitaka kujua kama mliniulia mwanangu, nisubiri mpaka mgomo uishe?"

Wabebaji wakatazamana. Ikabidi wafanye kikao, pale pale kwenye ngazi, vichwa pamoja. Ah, wasomaji wangu, haki ikianza kufanya vikao jueni imeanza kufanana na serikali.

"Mahututi tunabeba," mmoja akasema. "Mama huyu ni mahututi?"

"Nina magoti," akasema mama mkwe.

"Magoti si mahututi, mama."

"Nikiendelea kusimama hapa, mahututi mtakuwa nyie."

Umati ukacheka. Kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Mimi nilikitambua, kwa sababu kibandani nimejifunza: mteja akicheka, hata kama amekuja na hasira ya soli, ameshaanza kukusamehe.

Tabasamu naye alikitambua. Tabasamu likampungua kidogo, kama taa umeme ukiyumba.

Wakaleta machela. Wakamlaza mama mkwe, akakataa kulala, akakaa, sufuria mapajani, mkono mmoja kwenye nguzo ya machela kama malkia kwenye farasi. Wanne wakainama. "Hop!" Machela ikapanda, na mishipa ya shingo ya Treni ikapanda nayo.

"Mama, umekula nini?" mmoja akalia kwa nyuma.

"Huzuni," akajibu. "Inanenepesha. Twende."

Na wabebaji walipoinuka kubeba, ngazi zikabaki wazi. Watu wa masufuria hawakungoja kualikwa. Wakamiminika nyuma ya machela, wengine wanakimbilia wagonjwa wao, wengine wanafuata sinema. Mwenye hotipoti mbili yumo. Kofia yumo, kiatu kimoja, ko-tap, ko-tap.

"Shikilia sufuria, mama!"

"Dereva, punguza mwendo!"

Kona ya kwanza. Treni akapiga mguu.

Du!

Bati likalia. Sauti ikashuka ngazi zote, ikagonga ukuta wa chini, ikarudi. Kicheko kikakatika. Waliokuwa bado chini walituambia baadaye kwamba nao waliruka, wakadhani tumemwangusha mama.

Wabebaji wakabadilishana mabega, wakapanda.

Kona nyingine. Du!

Tukafika ghorofa ya pili. Du!

"Rudia," akasema mama.

Treni akapiga tena.

"Ndicho," akasema mama mkwe. Taratibu, kama mtu anayetambua sauti ya mtoto wake katikati ya watoto wengine. "Ndicho kile." Akaangalia bati, akaangalia ukuta. "Ni hapa?"

"Ni hapa, mama. Nilimshika mkono mpaka ulipopoa."

"Alisema nini?"

Treni akanitazama mimi. Nikatingisha kichwa kwamba aseme, maana mimi sikuweza.

"Aliuliza, 'Bado ngapi?' Bado ngazi ngapi. Nikamwambia bado kidogo."

Mama akafunika sufuria lake vizuri, ingawa lilikuwa limefunikwa. Kisha akageuka pale juu ya machela, akawatazama watu waliojaa ngazi.

"Na nyie mliokuwa mnarusha viatu..."

"Kilikuwa kimoja tu, mama," akasema Kofia kwa unyenyekevu mkubwa.

Nami nikamrudishia. Akavaa. Tangu hapo akawa mgomaji mkali kuliko wote, ungedhani aliuanzisha yeye.

"Lifti itengenezwe!" akapiga kelele.

"Itengenezwe!" ngazi nzima ikaitikia.

Sikilizeni maajabu. Wabebaji walisema maneno yale yale tangu asubuhi, wakaitwa wauaji. Hakuna kilichobadilika. Lifti ile ile, madai yale yale, supu imezidi kupoa. Ila mama mmoja mwenye magoti kabebwa, watu wakacheka, wakanyamaza, na ghafla uhuni ukawa haki. Sijui niwapende au niwatemee mate. Ila hakuna wengine, ndio hao hao.

Nikachungulia chini, Tabasamu hakuwepo tena. Ndani ya ukuta, kwenye shimo la lifti, nyundo ilikuwa inagonga. Ilikuwa inagonga tangu asubuhi, sikuitilia maanani.

Tulikuwa tumemfikisha mama ghorofa ya nne, hata hajashuka kwenye machela, mlango wa wodi ukafunguka. Nesi akatoka mbio.

"Wabebaji! Jamani wabebaji! Kitanda cha dirishani!"

Mama mkwe akasimama bila msaada. Magoti yakapona wakati ule.

"Mtoto amekaa vibaya, moyo wake unapungua," nesi akasema. "Upasuaji sasa hivi. Daktari ameshapigiwa, yuko chini ndani, anawasubiri."

Wakamtoa shemeji. Uso wa majivu, jasho, lakini mdomo uko palepale.

"Shemeji," akaniambia, "ukilia nakupiga."

"Silii."

"Na hayo ni nini?"

"Gundi."

Treni akashika machela. Wote wanne mabega yalikuwa yamekwisha. Yalikwishia kwa mama mkwe wangu, ghorofa nne. Na mbele yao ngazi zimejaa watu na masufuria kuanzia juu mpaka chini, wamebanana ukutani na kwenye chuma cha ngazi, hakuna pa kupita. Ukitaka kuwaondoa, utasubiri mpaka jua lizame.

Nikaona kosa lote la siku ile limekuja kutusubiri pale. Saa ya kuona wagonjwa.

"Tokeni! Pisheni!" nesi akalia.

"Msitoke!" Treni akasema. Sauti yake ndogo ile, sijui aliitoa wapi. "Mkitoka mtakanyagana. Weka masufuria chini, kando. Simama pande mbili. Inua mikono. Ikikufikia, shika, pitisha. Mguu usisogee! Mimi natangulia kichwani."

Basi, ndugu zangu, machela ikaanza kuteremka bila mtu kutembea. Mikono ikaipokea, mikono ikaitoa. Mwenye hotipoti mbili, yule wa supu yangu inahusika nini, nilimwona ameshika chuma cha machela mpaka vidole vimekuwa vyeupe, machozi yanamtoka, anasema, "Taratibu na mtoto wa watu, taratibu." Mama mkwe nyuma, anashuka kwa makalio, ngazi moja moja, hakubali kusaidiwa. Mimi ubavuni mwa shemeji, nimeshika khanga na chupa ya maji.

Kona. Du!

Ghorofa ya tatu. Du!

Na kila bati likilia, ngazi nzima inajua: wanatua. Wanashika upya. Watu waliokiita kishindo kile mauaji sasa walikuwa wanakisubiri kama mapigo ya moyo.

"Shemeji," akaniita, kucha zake zimeingia kiganjani mwangu. "Bado ngapi?"

Nikafungua mdomo.

"Bado kidogo!" akajibu Treni.

"Bado kidogo!" wakajibu watu, kutoka juu, kutoka chini, na Kofia akiwazidi wote.

Ghorofa ya pili. Bati lile.

Pale pale, wasomaji, pumzi ilipomkatikia dada yake, ndipo safari ikasimama.

Mganga Mkuu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa lifti, anahema, shati limelowa. Ofisi yake iko chini. Kumbe ngazi zinachosha hata wenye shahada. Kabla hajapata pumzi ya kusema, ukuta ukanguruma, mlango ule ulionenepeshwa kwa rangi ukafunguka wenyewe, taa inawaka ndani, na ndani ya taa, Tabasamu na kipaza sauti.

"Wananchi! Lifti imepona! Uongozi umetekeleza! Mgomo hauna maana tena! Mleteni mama mjamzito!"

Mkitaka kujua umati ni nini, mngekuwepo.

"Lifti!" akapiga kelele Kofia.

"Lifti! Lifti!" wakaitikia wale wale. Na machela, iliyokuwa inashuka kwenye mikono yao, ikaanza kuvutwa upande.

"Jamani msivute!" Treni akalia. "Imegongwa nyundo saa mbili tatu tu, hakuna aliyeijaribu!"

"Wivu!" mtu akajibu. "Anaogopa kukosa kazi!"

Mnaona walivyo wepesi? Nusu saa haijapita walikuwa wanalia naye. Nikamkumbatia shemeji na machela yake, nikasema hapiti mtu, lakini mimi ni mmoja na wao ni ngazi nzima.

Ikasikika sauti kutoka juu, ya mtu aliyekaa kwenye ngazi, hana haraka.

"Daktari."

Mganga Mkuu akageuka. Mama mkwe alikuwa anajipangusa vumbi nyuma.

"Umetufanyia jambo kubwa. Tumeshukuru. Sasa, mgeni haingii chumba kipya kabla ya mwenye nyumba." Akaonyesha lifti kwa mkono wazi, kwa heshima zote. "Tangulia wewe."

"Nani, mimi?"

"Wewe. Shuka, upande. Ukirudi, mwanangu anaingia."

"Karibu, Mheshimiwa!" Tabasamu akaita kutoka ndani, meno yote.

Mganga Mkuu akaitazama lifti. Akatazama juu, kwenye kamba zisizoonekana. Akainua mguu wa kulia, kiatu cha ngozi halisi, soli haijawahi kuona kokoto. Ukabaki hewani.

Halafu akaurudisha nyuma.

"Mimi," akasema, "kwa kweli, nitatumia ngazi. Kwa ajili ya mazoezi."

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichommaliza. Angechekwa angepona, watu hucheka halafu husahau. Lakini ngazi nzima iliuangalia ule mguu ukirudi, kimya, na nikaona kwa macho yangu mtu mkubwa akigeuka mdogo bila kuguswa na mtu. Hata Kofia alivua kofia, sijui kwa nini.

Machela ikarudi kwenye mikono. Safari hii hakuna aliyeambiwa.

Mlango wa lifti ukajifunga. Tabasamu akateremka peke yake, akiwa bado anatabasamu. Tukasikia mngurumo, tukasikia kitu kikikwaruza, halafu mshtuko mmoja mkubwa ndani ya ukuta. Mwanga uliokuwa chini ya mlango ukazimika.

"Wananchi," kipaza sauti kikasema kutoka gizani. "Naomba utulivu."

Hakuna aliyekuwa na muda naye. Kona. Du! Ghorofa ya kwanza. Du! Shemeji amefumba macho, midomo imekuwa ya rangi ya jivu, anahesabu kitu peke yake. Kona ya mwisho. Du! Tukagusa chini. Watu wakashangilia kama timu imefunga. Wabebaji, mabega yao yamefufuka, wakaipokea machela na kukimbia korido, mimi nyuma, mama nyuma, Mganga Mkuu naye nyuma, hana pengine pa kwenda.

Mwisho wa korido, geti la chuma. Nyuma ya geti, daktari wa zamu, binti mdogo tu, ameshavaa glovu, mikono juu.

"Leteni! Kila kitu tayari. Fungueni!"

"Fungua wewe, daktari, sisi tuko nje!" Treni akasema.

"Sina ufunguo! Tangu mgomo uanze tunafungiwa humu ndani kama kuku. Nani ana ufunguo?"

Tukamgeukia Mganga Mkuu wote kwa pamoja. Akajipapasa mfuko wa shati. Akajipapasa suruali. Mkono ukasimama.

Nami nikakumbuka bunda kiunoni, linalolia kama kengele ya mbuzi.

Likalia. Ndani ya ukuta, kati ya ghorofa ya kwanza na chini, kwenye giza. Halafu kipaza sauti, polepole, bila meno.

"Jamani... ninao mimi."

Shemeji akafungua macho. Vidole vyake vikatafuta vyangu.

"Shemeji," akasema. "Bado ngapi?"

Nyuma yetu ngazi zilikuwa zimejaa watu mpaka juu. Hakuna aliyejibu.